Wanaosifu viboko vya mabruda wasome kwanza kanuni zao

Mhariri,

Kila mjadala wa nidhamu shuleni unapopamba moto katika kurasa za elimu, hakosi mtu wa kuandika kwamba shule za misheni zilitoa watu kwa sababu mabruda, yaani watawa wa kiume wasio mapadre, walijua kuchapa. Hoja hiyo imerudiwa mpaka sasa inachukuliwa kuwa ni historia. Bahati nzuri mabruda wenyewe waliacha maandishi ya namna walivyoendesha darasa, hatua kwa hatua, na humo kiboko kina nafasi ndogo mno kuliko ile kinayopewa na wasifiaji wake.

Mashirika ya mabruda walimu ni mengi, ila karibu yote yameiga kwa kiasi fulani shirika moja: Mabruda wa Shule za Kikristo, lililoanzishwa mjini Reims, Ufaransa, na padre Jean-Baptiste de La Salle. Kitabu chao cha kazi huitwa Conduite des Écoles chrétiennes, yaani Mwongozo wa Shule za Kikristo. Rasimu yake ni ya 1706, ikachapwa Avignon mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya mwanzilishi kufariki. Hakikutungwa na mtu mmoja mezani kwake. Kilitokana na vikao vingi na mabruda wazoefu, kikaandikwa na kusahihishwa kadiri walivyoona darasani kipi kinafaa na kipi hakifai.

De La Salle alizaliwa 1651 katika familia yenye uwezo. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari kanoni, yaani mjumbe wa baraza la kanisa kuu la Reims, cheo chenye mapato ya uhakika. Alipata upadre 1678. Ualimu haukuwa katika mipango yake kabisa. Mwaka 1679 alifika Reims mlei mmoja (muumini asiye padre wala mtawa) kutoka Rouen, Adrien Nyel, akitaka kufungua shule za bure kwa watoto maskini, na de La Salle akamsaidia kupata mahali. Nyel alikuwa hodari wa kufungua shule. Kasoro yake ilikuwa hiyo hiyo: akishafungua moja alishaondoka kwenda kufungua nyingine, na walimu wakabaki wenyewe, hawajafunzwa, kila mmoja na mtindo wake. Wengi walikuwa vijana waliojua kusoma na kuandika kwa shida. Kazi ya ualimu wakati huo ilifanywa na aliyekosa nyingine.

Tiba aliyoijaribu de La Salle ilikuwa ya kuwaweka pamoja. Juni 1681 aliwaingiza walimu nyumbani kwake, jambo lililowaudhi ndugu zake, na Juni mwaka uliofuata akahamia nao nyumba ya kupanga: muda wa kuamka, wa kula, wa kusali, wa kujifunza kufundisha. Ndani ya miezi michache karibu wote wa kundi la kwanza waliondoka, wengine wenyewe, wengine kwa kuonekana hawafai. Waliokuja baadaye ndio walioshika. Nao walikuwa na swali ambalo mwalimu yeyote wa leo analielewa: tukizeeka au shule zikifungwa, tutakula nini? Alipowaambia wamtumainie Mungu walimjibu kwamba kwake ni rahisi kusema, maana ana ukanoni na ana mali. Mwaka 1683 aliuacha ukanoni, na katika njaa iliyoikumba Reims baada ya hapo akamaliza mali yake kwa kugawa mkate. Tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena swali lile.

Kwa nini hawakuwa mapadre? Mwanzoni hata de La Salle alifikiri angalau mmoja wao awe padre. Bruda Henri L'Heureux, aliyekuwa akiandaliwa, alifariki ghafla 1690, na mwanzilishi akabadili msimamo moja kwa moja: hakuna bruda atakayekuwa padre. Sababu ni za kazi. Padre ana misa, maziko, maungamo na wagonjwa. Akigawanyika kati ya altare na ubao, kitakachokosa mtu ni ubao. Pia nyumba yenye mapadre wawili na mabruda watano hugawanyika kuwa wakubwa na watumishi. Mavazi yao yalifuata fikra hiyo: kanzu nyeusi, ukosi mweupe wa vipande viwili, na juu yake joho zito la wanakijiji lenye mikono inayoning'inia mitupu. Watu wa mjini wakawaita mabruda wa mikono minne.

Tarehe 21 Novemba 1691, shirika likiwa karibu kufa kwa vifo na kuondoka kwa watu, de La Salle pamoja na Gabriel Drolin na Nicolas Vuyart waliweka nadhiri ya siri kwamba hawataziacha shule hizo hata wakibaki watatu tu, hata ikiwabidi kuomba na kula mkate mtupu. Tarehe 6 Juni 1694 mabruda 12 waliungana naye katika nadhiri za daima. Ukizisoma nadhiri hizo unashangaa: utii, kudumu katika shirika, na kushirikiana kuendesha shule za bure. Umaskini na useja waliviishi, lakini viliingizwa rasmi kama nadhiri kwa hati ya Papa Benedikto XIII ya mwaka 1725.

Tuingie darasani. Kabla ya mabruda, mwalimu wa mtaani alimwita mtoto mmojammoja mezani kwake, kila mmoja na kitabu alichokikuta nyumbani. Wakati mmoja akisoma, wengine 40 wanapiga kelele. Mabruda waliwafundisha wote kwa pamoja. Ili hilo liwezekane sharti la kwanza ni dogo na ni gumu: wote walio katika somo moja wawe na kitabu kile kile. Mmoja husoma kwa sauti, wengine hufuata kimyakimya, na mwalimu humkatiza popote akamwashiria mwingine aendelee. Asiyefuata hukamatwa hapo hapo.

Kusoma kuligawanywa katika hatua tisa. Mtoto alianza na chati ya herufi iliyotundikwa ukutani, akaja chati ya silabi, kisha kitabu cha silabi. Kitabu cha pili kilikuwa na hatua mbili, kwanza kuendeleza maneno, halafu kusoma kwa silabi. Kitabu cha tatu kilikuwa cha kusoma kwa kutua kwenye vituo. Ndipo ikafuata Zaburi kwa Kilatini, kitabu cha adabu, na mwisho kabisa maandishi ya mkono. Karibu kila hatua ilikuwa na madaraja yake ya wanaoanza, wa kati na waliokomaa. Kila mwisho wa mwezi mkaguzi au mkuu wa shule, ambaye si mwalimu wa darasa hilo, aliwapima na kuamua nani apande. Mtoto mzito hakusubiri mwaka mzima kujua hali yake, na mwepesi hakukaa mwaka mzima akirudia asichokihitaji.

Mwalimu alitakiwa kunyamaza. Hili huwashangaza wengi. Kanuni zilimruhusu kusema kwa mambo matatu: kusahihisha somo pale tu ambapo hakuna mwanafunzi awezaye kufanya hivyo, kufundisha katekisimu (mafundisho ya dini), na kutoa mawaidha ya sala ya asubuhi na ya jioni. Mengine yote yalikwenda kwa ishara. Alishika mkononi kifaa kidogo kilicholia ta! Mlio mmoja ulimsimamisha msomaji. Milio miwili ya harakaharaka ilimwambia amekosea neno, arudi nyuma alisome tena. Akishindwa, mwalimu alimwashiria mwenzake alitamke sawasawa, kisha yule wa kwanza alirudie. Miongoni mwa kasoro ambazo mwalimu mpya alitakiwa kung'olewa, inayotajwa mwanzoni ni kiherehere cha kuongea. Sababu yake ni ya kawaida tu. Mwalimu anayepayuka tangu asubuhi hufika saa tano sauti imekwisha na hasira imepanda, na watoto wamekwisha zoea kelele zake.

Siku yenyewe ilipangwa hivi: watoto waliingia kati ya saa moja unusu na saa mbili asubuhi, wakanywa chai, kwa lugha yetu, mle mle darasani, maana wengi wasingekula popote pengine. Mkate wa akiba uliotolewa na wenye nacho uliwekwa kwenye kikapu, mwanafunzi mwenye zamu akawagawia wasio nacho. Mchana waliingia tena kati ya saa saba na saa saba unusu, wakamalizia na nusu saa ya katekisimu.

Kwa Afrika Mashariki sehemu inayogusa zaidi ni ya lugha. Wakati huo desturi ya Ufaransa ilikuwa mtoto aanzie kusoma Kilatini. Mabruda walianza na Kifaransa, Kilatini kikaja hatua ya saba. Askofu wa Chartres, Godet des Marais, alipotaka warudi kwenye desturi, de La Salle alimwandikia hoja zake. Alisema mtoto husoma upesi lugha anayoielewa. Anayejua kusoma Kifaransa hujifunza kusoma Kilatini kwa urahisi, lakini aliyeanza na Kilatini haimwii rahisi kurudi kwenye Kifaransa. Watoto wa maskini hukaa shuleni muda mfupi, wakaondoka kwenda kazini. Wakianza na Kilatini wataondoka hawajui kusoma chochote cha kuwafaa. Askofu alikubali. Kwa Watanzania wanaobishana kama mtoto aanze na Kiswahili au Kiingereza, karibu hoja zote za upande mmoja zimo katika waraka huo wa miaka 300 iliyopita, na upande wa pili ulikuwa ukisema yale yale pia: kwamba lugha ya wakubwa lazima ianze mapema.

Mwandiko ulianza mtoto akishaweza kusoma vizuri. Kalamu zilikuwa za unyoya, kwa hiyo sharti ajifunze kwanza kuchonga ncha kwa kisu kidogo. Ncha mbovu huchafua karatasi, na karatasi ilikuwa ghali. Wino ulitolewa na shule, kidau kimoja kwa watoto wawili. Walipoiva hawakunakili methali. Walinakili stakabadhi, mikataba ya kupangisha, mapatano ya kazi kati ya fundi na mwenye nyumba, halafu wakatunga zao. Hesabu nayo ilikwenda kwa fedha halisi, na fedha ya Ufaransa wakati huo ilikuwa mtihani: denier 12 hufanya sol moja, sol 20 hufanya livre moja. Kujumlisha bili ya seremala kwa mfumo huo ni kazi. Mtoto aliyeiweza hakupunjwa sokoni.

Utoro ulishughulikiwa kwa namna ambayo shule zetu zingeiiga kesho, bila fedha yoyote. Kila mtaa wa wanafunzi ulikuwa na wanafunzi wake wa kuaminika wenye kazi ya kuwatembelea wasiofika na kuleta taarifa: huyu anaumwa, huyu yuko kwa mjomba, huyu anacheza mtoni. Kitabu kinataja chanzo cha utoro: wepesi wa akili ya kitoto, uhuni, kuichukia shule, kutompenda mwalimu, na uzembe wa wazazi. Kwa kila kimoja imeandikwa dawa yake. Kumbuka kwamba mwalimu asiyependwa yumo kwenye orodha. Aliyekosa bila ruhusa hakupokelewa tena na mwalimu wake mlangoni. Mzazi alikuja naye mbele ya mkuu au mkaguzi, akaeleza. Kwa wazazi fukara waliomtuma mtoto kutafuta senti, mabruda walitakiwa kuwaonyesha kwa hesabu kwamba anayejua kusoma na kuandika atapata zaidi. Wakikaidi na huku wanapokea misaada ya parokia, paroko aliombwa asiwape mpaka mtoto aonekane darasani. Hapo pana ukali wa kutisha, nasi hatuupambi.

Na kiboko je? Kilikuwepo. Anayesema mabruda hawakuchapa anapotosha vilevile. Kulikuwa na fimbo za matawi, na kulikuwa na kipande cha ngozi cha kuchapia kiganja, vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, urefu inchi 10 hadi 12 pamoja na mpini. Pigo lilikuwa moja, mawili yakizidi, na lilikwenda kwenye mkono wa kushoto, ili wa kulia usishindwe kuandika. Hayo ndiyo wasifiaji wanayoyakumbuka. Wanayoyasahau ni kurasa zinazofuata. Ilikatazwa kumpiga mtoto kofi au teke, kumvuta sikio, pua au nywele, kumpiga kwa kijiti cha kuonyeshea. Ilikatazwa kumtukana au kumwita majina. Mwalimu aliyekasirika alitakiwa asubiri hasira iishe. Wakati wa sala na katekisimu hakuna aliyeadhibiwa. Zaidi ya hayo, kitabu kinasema wazi kwamba adhabu zikiwa nyingi ni dalili ya darasa lisiloendeshwa vizuri, na kwamba watoto huacha shule kwa sababu ya mwalimu mkali kupita kiasi. Kinachopunguza adhabu ni mwalimu kunyamaza, kuwaona watoto wote muda wote, na kila mtoto kuwa na kazi mkononi.

Ukitaka kujua utaratibu huo ulikuwa na nguvu kiasi gani, tazama nani aliuchukia. Wa kwanza walikuwa walimu wa mwandiko wa Paris, chama cha mafundi wenye hati ya kufundisha kuandika kwa malipo. Shule za mabruda zilipokea watoto bila kudai cheti cha ufukara, hivyo hata wenye uwezo kidogo wakapeleka wao huko. Chama kikaenda mahakamani. Kati ya 1704 na 1706 hukumu zilimwangukia de La Salle mfululizo, samani za shule zikakamatwa, na mabruda wakalazimika kufunga shule kadhaa. Walipata nafuu Rouen, ambako mwaka 1705 walichukua eneo la Saint-Yon na kuanzisha pia shule ya bweni ya kulipia kwa watoto wa wafanyabiashara: hesabu za vitabu, jiografia, hisabati, mambo ya usafiri wa majini, bila Kilatini. Ada hizo zilisaidia kulisha nyumba ya manovisi, yaani wanaoandaliwa kuwa mabruda.

Baadaye wakaja wasomi. Mwaka 1763 mwanasheria La Chalotais, katika pendekezo lake la elimu ya taifa, aliwalaumu mabruda kwa kuwafundisha kusoma na kuandika watu ambao kwa maoni yake walistahili kujua randa na tupa tu. Huyo ni mtu wa zama zinazoitwa za mwangaza. Jina la dharau walilopewa, ignorantins, yaani wajinga, lilitokana na wao kutofundisha Kilatini.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwakuta na nyumba zaidi ya 100. Mwaka 1792 shirika lilivunjwa kwa sheria, na Bruda Salomon Leclercq, katibu wa mkuu wa shirika, akauawa Paris tarehe 2 Septemba. Alitangazwa mtakatifu 2016. Walirudi chini ya Napoleon, wakakuta mpinzani mpya: mtindo wa Kiingereza ambamo mwalimu mmoja aliendesha mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo. Ulikuwa rahisi kwa mfuko wa serikali, kwa hiyo ulipendwa. Ulishindwa polepole, maana mtoto wa miaka 12 anaweza kumsikiliza mwenzake akisoma herufi lakini hawezi kujua kwa nini anakosea. Darasa la mwalimu mmoja mwenye mafunzo na watoto wa kiwango kimoja ndilo lililobaki, hata kwenye shule za serikali.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na sheria ya tarehe 7 Julai 1904 iliyokataza mashirika ya kitawa kufundisha Ufaransa. Maelfu ya mabruda walivua kanzu au wakapanda meli. Nchi nyingi zilipata shule zao kwa njia hiyo. Katikati ya miaka ya 1960 walizidi 16,000. Leo hawafiki robo ya hesabu hiyo, ila shule zao, nyingi zikiendeshwa na walei, zina wanafunzi zaidi ya milioni moja.

Mafunzo ya walimu hayakuishia kwao. Kanuni yao ilikuwa bruda asikae peke yake, angalau wawili, kwa hiyo vijiji vyenye uwezo wa kulisha mwalimu mmoja havikuweza kupata bruda. De La Salle hakuilegeza kanuni. Alifungua Reims, katika miaka ya 1680, nyumba ya kuwafunza bure vijana walei, kisha wakarudishwa vijijini kwao. Kwa kanda yetu chipukizi la kazi hiyo ni Christ the Teacher Institute, iliyoanzishwa Tangaza, Nairobi, kufunza walimu.

Tukimalizia, ombi kwa dawati la habari, kwa kuwa majina haya huchanganywa kila mara. Shule ya Edmund Rice Sinon ya Arusha ni ya mabruda wenye asili ya Ireland waliotokana na kazi ya Edmund Rice iliyoanza Waterford mwaka 1802. Si wa de La Salle. Mabruda wa Kisubi, Uganda, waliofika 1926, ni Mabruda wa Mafundisho ya Kikristo, walioanzishwa Brittany mwaka 1819 na mapadre Jean-Marie de la Mennais na Gabriel Deshayes. Wamaristi walianzishwa na padre Marcellin Champagnat huko La Valla, tarehe 2 Januari 1817. Mabruda wao wanne kutoka Hispania ndio waliouawa karibu na Bukavu, Oktoba 1996, kwa kukataa kuwaacha wakimbizi. Katika mashirika haya matatu, kama kwa watu wa de La Salle, mwalimu aliyevaa kanzu kwenye picha ya zamani ya shule kwa kawaida ni bruda. Maelezo ya chini ya picha yasimwite padre.

Walimu wa historia,
Arusha